Je, Mwezi Ulimuua Nicias?

Mwalimu mumoja aliyetufundisha Kigiriki zamani alikuwa na desturi ya kumaliza somo lake juu ya vita vya Sicilia kwa neno fupi: Nicias, jemadari wa Athene, aliuawa na mwezi. Sisi wanafunzi tulicheka, tukaandika, tukatoka inje. Tangu siku ile nimesikia mufano huo mara nyingi, hata katika mahubiri. Jemadari mukubwa aliona mwezi umepatwa, akasikiliza waaguzi, akakataa kuondoka, askari wake wote wakapotea. Kisha muhubiri awageukia watu na kusema: mwaona namna wafumu wanavyoharibu kazi.

Mufano ni mwepesi, ndiyo sababu wapendwa. Lakini nimesoma tena habari hizo polepole, kwanza katika kitabu cha Thucydides, kisha katika kile cha Plutarch, nami naona kwamba wenye kuutumia hawakusoma ukurasa unaotangulia ule wa mwezi. Jambo kubwa limeandikwa pale. Tena naona kwamba Plutarch mwenyewe, ambaye twamupenda kwa haki, ana sehemu yake katika kosa hilo. Nataka kueleza kwa nini.

Kwanza tumujue mutu. Nicias, mwana wa Niceratus, alikuwa tajiri wa feza. Xenophon aandika kwamba alikuwa na watumwa 1000 katika machimbo ya Laurium, akiwapangisha kwa mutu mumoja wa Thrakia, na kila mutumwa alimuletea oboli moja kwa siku. Juu ya watumwa hao hatujui jina hata moja. Kwa mali ile Nicias alitoa sadaka, alilipa michezo ya sikukuu, aliheshimu miungu ya muji wake kuliko wengine wote. Alipopelekwa na waimbaji wa Athene kwa kisiwa cha Delos, alijenga kwa usiku mumoja daraja la mashua toka kisiwa cha jirani, akawapitisha waimbaji juu yake asubuhi, limepambwa kwa nguo na zahabu. Akasimamisha mutende wa shaba kwa heshima ya Apolo. Akanunua shamba kwa drakma 10,000, mapato yake yawe ya watu wa Delos, wafanye karamu ya sadaka na kumuombea Nicias mema mengi. Akaandikisha sharti hilo juu ya jiwe. (Plutarch aongeza kwamba upepo uliangusha baadaye mutende ule, nao ulianguka juu ya sanamu kubwa ya watu wa Naxos na kuipindua. Aliandika bila kucheka, lakini mimi nacheka.)

Plutarch akubali kwamba katika sadaka hizo mulikuwa kutafuta sifa. Akubali tena kwamba Nicias aliogopa sana wachongezi: aliwapa feza waovu walioweza kumuzuru, sawa na vile alivyowapa wema waliostahili musaada. Hakula kwa watu, hakuzungumza na watu, alikaa nyumbani mulango umefungwa, na rafiki zake wakaambia wageni kwamba yuko katika kazi za muji. Alikuwa na mutu mumoja jina lake Hiero, aliyelelewa katika nyumba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza kila mahali namna Nicias anavyoteswa na kazi za watu wote, hata akioga, hata akila. Musomaji ashike jambo hilo: huyu alikuwa mutu mwema mwenye kuangalia kila siku sura yake katika macho ya watu.

Woga huo ulionekana mapema. Mwaka 425 mbele ya Kristu Waathene walizunguka askari wa Sparta katika kisiwa karibu na Pylos, wasiweze kuwashika. Cleon, mutu wa maneno makali, akasema katika mukutano kwamba majemadari wangalikuwa wanaume, wangalimaliza kazi hiyo upesi. Nicias, badala ya kwenda mwenyewe, akamuambia: basi, chukua wewe askari, uende. Cleon akataka kurudi nyuma, watu wakapiga kelele, akakubali, akaahidi kumaliza kwa siku 20. Akamaliza! Alileta wafungwa 292, na karibu 120 kati yao walikuwa Wasparta wenyewe. Watu wenye akili, asema Thucydides, walikuwa wamefurahi mbele, kwa kuwa walitumaini ama kuwakamata Wasparta ama kuondolewa Cleon. Mimi nauliza: ni jemadari wa namna gani atoaye askari wa muji wake mikononi mwa mutu anayemuona hafai, ili mutu yule aaibike? Hapo Plutarch alaumu bila kuficha, na asema vema.

Nisifiche wema wake. Mwaka 421 alifanya amani na Sparta, amani iliyopatanwa kudumu miaka 50, na watu waliiita kwa jina lake. Haikudumu, lakini kosa halikuwa lake peke yake. Tena mwaka 415, Waathene walipotaka kupeleka merikebu kushinda Sicilia, yeye alisimama mbele ya mukutano wenye hamu kali akasema kwamba safari ile ni wazimu. Ilihitaji moyo. Lakini alipoona maneno yake hayashiki, akajaribu hila: akahesabu merikebu nyingi, askari wengi, chakula kingi, akitumaini watu wataogopa gharama. Watu wakajibu: vema, chukua vyote hivyo. Hivi safari iliyokuwa ya merikebu 60 ikawa ya merikebu 134 na askari 5100 wenye silaha nzito. Naye akawekwa kuwa mumoja wa wakubwa wake watatu, kwa vita ambavyo yeye mwenyewe alivikataa.

Wale wawili wengine hawakukaa. Alcibiades aliitwa kuhukumiwa juu ya kuzarau mambo matakatifu, akakimbilia Sparta. Lamachus alikufa mbele ya Syracuse mwaka 414. Nicias akabaki peke yake, naye mugonjwa wa mafigo. Karibu kuufunga muji kwa ukuta, alizarau habari kwamba Gylippus wa Sparta anakuja na merikebu chache. Gylippus akaingia, na tangu siku ile mambo yakageuka. Nicias akaandika barua kwa Athene: ama mutuite turudi, ama mulete jeshi lingine sawa na la kwanza, nami muniondoe, kwa kuwa figo zaniuma. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi. Yote yaliyomo ni kweli. Lakini angalia: jemadari aliye mahali pale, mwenye kuona kwa macho kwamba kazi haiwezekani, aomba watu walio mbali waamue. Nao waliamua kama ilivyotazamiwa. Walikataa kumuondoa, wakamupelekea Demosthenes na Eurymedon na merikebu karibu 73.

Demosthenes alipofika alijaribu mara moja kupanda kilima cha Epipolae usiku, wakashindwa vibaya katika nuru ya mwezi, rafiki wakichoma rafiki. Kesho yake alisema wazi: twende zetu, tungali na merikebu nyingi kuliko wao.

Sasa twafika ukurasa ninaousema. Ni katika kitabu cha saba cha Thucydides, mbele kabisa ya habari ya mwezi. Nicias alikataa. Alikuwa na sababu za vita: watu fulani wa Syracuse walimupasha habari kwa siri kwamba muji umekwisha feza, akatumaini utajitoa. Sababu hiyo si ya bure, nasi tuipime kwa haki. Lakini akaleta ingine, nayo ndiyo iliyo nzito. Alisema kwamba anajua tabia ya Waathene: askari hawa hawa wanaolia leo waondoke, wakifika nyumbani watalia kwamba majemadari walipokea feza za adui ili waondoke. Kwa hiyo, badala ya kuuawa na Waathene kwa aibu na bila haki, yeye apenda zaidi, kama inapasa kufa, kufa mikononi mwa adui, kwa hatari yake mwenyewe.

Someni maneno hayo mara mbili, ndugu. Yanaonekana kama ushujaa. Lakini mutu anayesema kwamba apenda kufa pale, yuko na watu maelfu na maelfu nyuma yake, wasioulizwa. Kufa kwake hakuwezi kuwa kwake peke yake. Na wakati alipokuwa akisema hivyo, mwezi ulikuwa ungali ukiwaka bila alama yoyote.

Mutu atanijibu: woga wake ulikuwa na musingi. Naam, ulikuwa nao, tena mukubwa. Paches, aliyeshinda kisiwa cha Lesbos, alijiua kwa upanga ndani ya hukumu alipoitwa kutoa hesabu. Thucydides mwenyewe, kwa kukosa kuokoa Amphipolis mwaka 424, alikaa miaka 20 mbali na muji wake. Na mwaka 406, nyuma ya kufa kwa Nicias, Waathene waliwaua majemadari sita walioshinda vita vya bahari, mumoja wao akiwa mwana wa Pericles. Muji wenye kuua wakubwa wake kwa kila bahati mbaya wajifundishia wakubwa waoga. Hilo ni kosa la muji, na Thucydides hakulificha.

Lakini tuangalie nani walikuwa katika baraza lile. Eurymedon alikuwapo. Yeye, miaka 11 mbele, aliondoka Sicilia pamoja na majemadari wawili wengine walipoona vita vimekwisha. Walipofika Athene walihukumiwa kwamba walipokea zawadi: wale wawili wakafukuzwa katika inchi, Eurymedon akatozwa feza. Ndiyo ile ile hukumu ambayo Nicias aliiogopa! Na Demosthenes, mwaka 426, nyuma ya kushindwa katika milima ya Aetolia, alibaki Naupactus bila kuzubutu kurudi, kwa kuogopa Waathene. Hawa wawili walijua fimbo ile, mumoja kwa mugongo wake, mwingine kwa kuikimbia. Nao wote wawili walisema: tuondoke, tuokoe watu. Nicias, ambaye Waathene hawakumushinda hata mara moja katika hukumu, ndiye alikataa. Sijaona mufafanuzi akisimama juu ya jambo hilo kama inavyostahili, na kwangu lapita maelezo yote juu ya mwezi.

Mwishowe, adui walipopata askari wapya, Nicias akakubali. Amri ikapita kwa siri, kila kitu tayari. Usiku wa tarehe 27 Agosti 413 mwezi ukapatwa. Askari wengi wenyewe waliomba wangoje. Tusimupakie Nicias yote. Lakini Nicias, ambaye Thucydides asema alipenda sana uaguzi, akasema hatataka hata kuzungumza juu ya kuondoka mbele ya siku tatu mara tisa, yaani siku 27. Plutarch ajua zaidi: waaguzi wa desturi waliangalia siku tatu tu baada ya ishara za jua na mwezi, Stilbides, muaguzi mwenye akili aliyezoea kumutuliza Nicias, alikuwa amekufa si zamani, na Philochorus alieleza kwamba kwa watu wanaotaka kukimbia, giza ni ishara njema. Basi dini ya Wagiriki yenyewe haikumulazimisha. Kati ya majibu yote iliyoweza kumupa, alichukua lile lililo refu kupita yote. Kwa nini? Mimi nasadiki ni kwa sababu mwezi ulimuambia jambo alilolitaka tayari. Ulimupa siku 27 za kutokwenda mbele ya mukutano wa Athene, tena bila lawama, kwa kuwa aliyeamuru si yeye, ni miungu.

Mambo yaliyofuata yanajulikana, nitapita upesi. Adui walisikia, wakapiga kwa bahari na kwa inchi, Eurymedon akafa, mulango wa bandari ukafungwa, merikebu zikapotea, watu kama 40,000 wakaondoka kwa miguu wakiacha wagonjwa wakilia nyuma yao na wafu bila kuzikwa. Demosthenes alijitoa pamoja na watu 6000. Wale wa Nicias walifika muto Assinarus wakiwa na kiu kali, wakaanguka ndani, wakachinjwa humo, na wengine wakaendelea kunywa maji yenye tope na damu, wakiyapigania. Wafungwa wasiopungua 7000 wakatupwa katika mashimo ya mawe ya Syracuse.

Plutarch anafanya nini na habari hizo? Mwanzoni asema kwa unyenyekevu kwamba hataki kushindana na Thucydides. Atakusanya tu vitu vidogo vyenye kuonyesha tabia ya mutu. Ahadi hiyo aliitimiza, nasi twamushukuru kwa ajili ya Hiero na mutende na shamba la Delos. Maneno ya Nicias katika baraza anayaandika pia, hafichi. Lakini anayapa mistari michache, kisha anatupa sura nzima juu ya mwezi: Anaxagoras aliyeandika wa kwanza juu ya nuru na kivuli chake, namna Pericles alivyomuokoa kwa shida, Protagoras aliyefukuzwa, Plato, Dion aliyesafiri wakati mwezi ulipopatwa akafanikiwa. Sura nzuri sana! Tusisahau kwamba Plutarch alikuwa yeye mwenyewe kuhani wa Delphi. Swali la ishara na akili lilikuwa swali la maisha yake. Lakini musomaji anayetoka humo amekwisha kusahau baraza. Mwalimu wangu alisahau vilevile.

Ikafuata hukumu ya mwisho. Plutarch alimulinganisha Nicias na Crassus wa Roma, aliyezarau ishara zote akafa Carrhae mwaka 53. Mumoja aliogopa ishara zote, mwingine aliziruka zote, wakapotea sawasawa. Na Plutarch aona kwamba kosa la kufuata desturi ya wazee lasameheka kuliko kosa la kiburi. Ulinganisho huo ni wa werevu, lakini waweka Nicias mahali pasipo pake, kana kwamba swali lilikuwa: kuamini ao kutokuamini ishara. Ningemulinganisha afazali na Pericles. Sisemi juu ya hadisi ile ya Pericles kumufunika nahodha macho kwa joho ili amueleze kupatwa kwa jua. Plutarch mwenyewe asema yasimuliwa katika shule za wafilozofia, na tarehe hazipatani, kwani jua lilipatwa mwaka 431 na safari ile ilikuwa mwaka 430. Nasema juu ya jambo lililo hakika: mwaka 430, tauni ikiua muji na watu wakimukasirikia, Pericles aliita mukutano mwenyewe, akasimama mbele yao, akawaambia kwamba hakubadili shauri lake. Wakamutoza feza. Akalipa. Nyuma ya siku chache wakamuchagua tena. Hakuhitaji mwezi.

Kuna neno moja linalonishinda kidogo. Thucydides, asiyesamehe kwa urahisi, aandika kwamba kati ya Wagiriki wa siku zake Nicias hakustahili kabisa mwisho mubaya namna ile, kwa kuwa maisha yake yote yaliongozwa na wema. Wengine waona hapo kejeli. Mimi siioni. Thucydides alijua kufukuzwa ni nini, akamuhurumia mutu aliyekufa kwa kuogopa lililomupata yeye. Lakini huruma si musamaha, na ndiye Thucydides huyo huyo aliyetuwekea maneno ya baraza.

Tena kuna siku ya mwisho. Katika safari ile Nicias, mugonjwa, alipita safu kwa safu akiwatia watu moyo kwa sauti kubwa. Na pale mutoni, alipoona maiti juu ya maiti, alijitoa kwa Gylippus akimuambia amufanyie yeye atakavyo, ila aache kuua askari. Ndilo tendo alilokataa mwezi mumoja mbele: kujitoa mwenyewe ili wengine wabaki wazima. Alilifanya kwa kuchelewa, lakini alilifanya, naye akauawa. Na Waathene walimulipa nini? Pausanias, aliyezunguka Ugiriki katika karne ya pili nyuma ya Kristu, aliona katika makaburi ya Athene jiwe lenye majina ya waliokufa Sicilia. Majemadari wameandikwa, isipokuwa Nicias. Sababu, asema, ni kwamba alijitoa kwa adui kwa mapenzi yake. Hivi walimufutia jina kwa tendo lake bora.

Kwa wafratri watakaotaka kuhakikisha hayo, nashauri waanze na Thucydides, kitabu cha sita na cha saba, wasiruke hotuba. Plutarch aje nyuma. Tafsiri ya Kifaransa ya Jacques Amyot, aliyekuwa baadaye askofu wa Auxerre, ni tamu, lakini ni ya mwaka 1559 na maneno mengi yamebadilika. Afazali kuwa na ingine ya siku hizi kando yake. Na yule mwenye mahubiri tayari juu ya mwezi na wafumu, atafute mufano mwingine.